Jinsi ya kuangalia ndoa kwa nyota za Kichina: usiishie kwenye mnyama wa mwaka

Ile chati ya wanyama 12 wa Kichina inayozunguka kwenye magrupu, inayosema Joka asioane na Mbwa na Panya amkimbie Farasi, imewatisha watu kupita uzito wake. Kuna wadada wanauliza kabisa kama wavunje uchumba kwa sababu ya hiyo picha moja, na kuna wazazi wanaitumia kukataa posa. Jamani, kwa Wachina wenyewe mnyama wa mwaka ni mlango tu, mtu anayejua hii elimu hawezi kukuamulia ndoa kwa kuangalia mwaka peke yake. Anaangalia siku uliyozaliwa, na ndani ya ile siku kuna sehemu maalumu kabisa ya mume au mke. Hapa nakupitisha hatua kwa hatua uweze kujiangalia mwenyewe na mwenzako, kalamu na karatasi vinatosha, kikokotoo cha simu kitakusaidia kwenye siku.

Kwa watu wa pwani hili jambo si geni, falaki ya kwetu nayo inalinganisha nyota kabla ya posa, ila sisi tunapiga hesabu ya herufi za jina la mtu na jina la mama yake. Mchina anapiga hesabu ya mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kinaandikwa kwa herufi mbili, jumla nane, ndio maana inaitwa bazi, herufi nane. Zamani ilikuwa ni sehemu rasmi ya uchumba, kulikuwa na taratibu sita za ndoa, ya pili ni kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa ya binti, ya tatu ni kupiga ramli kuona kama wanalingana, ndipo mambo ya mahari yanafuata. Mshenga alikuwa anabeba karatasi nyekundu yenye herufi nane za binti na kuipeleka kwa akina kijana, inawekwa kwenye madhabahu ya mababu siku tatu. Bakuli likivunjika au watu wakigombana humo ndani kwenye hizo siku, basi tena, karatasi inarudishwa.

Hatua ya kwanza: jua mwaka wako wa kweli

Chukua mwaka wa kuzaliwa, toa 4, gawa kwa 12, angalia kinachobaki. Ikibaki 0 ni Panya, 1 Ng'ombe, 2 Taiga (wengine husema Chui milia), 3 Sungura, 4 Joka, 5 Nyoka, 6 Farasi, 7 Mbuzi, 8 Nyani, 9 Jogoo, 10 Mbwa, 11 Nguruwe. Mfano 1994, toa 4 unapata 1990, gawa kwa 12 inabaki 10, Mbwa. Namba ya mwisho ya mwaka inakupa elementi: 4 na 5 Mti, 6 na 7 Moto, 8 na 9 Udongo, 0 na 1 Chuma, 2 na 3 Maji. Kwa hiyo 1994 ni Mbwa wa Mti.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, hasa nyinyi mliozaliwa Januari na Februari. Mwaka wa Kichina hauanzi tarehe 1 Januari. Mwaka 1990 ulianza 27 Januari, 1996 ulianza 19 Februari, 1988 ulianza 17 Februari, inabadilika kila mwaka kwa sababu inafuata mwezi mwandamo. Kwa hiyo aliyezaliwa 20 Januari 1990 ni Nyoka wa 1989 wala si Farasi, na huenda amekuwa akisoma nyota ya mtu mwingine maisha yake yote. Halafu kuna jambo lingine zaidi, wataalamu wa bazi walio wengi hawafuati hata hiyo sikukuu ya mwaka mpya, wanafuata siku inayoitwa lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, ambayo inaangukia karibu na tarehe 4 Februari kila mwaka. Mtu wa tarehe 10 Februari 1996, kwa sikukuu ni Nguruwe bado, kwa lichun ameshakuwa Panya. Kwa bazi tumia lichun, ndiyo inayokubaliana na hesabu za mwezi utakazofanya huko mbele.

Hatua ya pili: linganisha wanyama wa mwaka, haraka haraka tu

Hii fanya, ila usikae sana. Kuna makundi manne ya watatu watatu wanaosemwa wanaelewana: Nyani, Panya na Joka; Nyoka, Jogoo na Ng'ombe; Taiga, Farasi na Mbwa; Nguruwe, Sungura na Mbuzi. Kuna jozi sita za kuungana: Panya na Ng'ombe, Taiga na Nguruwe, Sungura na Mbwa, Joka na Jogoo, Nyoka na Nyani, Farasi na Mbuzi. Halafu migongano sita: Panya na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Taiga na Nyani, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe. Na kuna ile ya kudhuriana chini chini: Panya na Mbuzi, Ng'ombe na Farasi, Taiga na Nyoka, Sungura na Joka, Nyani na Nguruwe, Jogoo na Mbwa.

Ukitaka njia ya mkato angalia tofauti ya umri. Wanyama wanaogongana siku zote wanapishana miaka 6, wa kundi moja wanapishana 4 au 8. Ndiyo maana utasikia wazee wa Kichina hawapendi tofauti ya miaka 6, na wengine wanaongeza 3 na 9 humo humo.

Basi hapo kwenye mwaka chati za mtandaoni ndipo zinapoishia. Wanajimu wa zama za Tang, Li Xuzhong ndiye anayetajwa sana, walitegemea zaidi mwaka, lakini kufikia zama za Song mfumo ukahamia kwenye siku, na jina linalotajwa hapo ni Xu Ziping, mpaka leo bazi inaitwa njia ya Ziping. Huo ni uhamaji wa karibu miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo mtu anayekwambia uache mchumba kwa sababu ya mwaka tu, anatumia kitu ambacho wenye elimu yao walishakiona hakitoshi zamani sana.

Hatua ya tatu: tafuta siku yako

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Unaweza kuweka tarehe yako kwenye kikokotoo cha bazi mtandaoni, vipo vya bure vingi, ila mimi napenda mtu ajue inavyotoka ili asidanganywe.

Siku za Kichina zinazunguka 1 mpaka 60 bila kukatika. Tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa namba 55. Kama umezaliwa kabla ya hapo, hesabu siku kutoka kuzaliwa kwako mpaka hiyo tarehe (simu ina programu za kuhesabu siku kati ya tarehe mbili), gawa kwa 60, kile kinachobaki kitoe kwenye 55. Ikitoka sifuri au hasi ongeza 60. Kama umezaliwa baada ya hapo, jumlisha siku na 55, gawa kwa 60, kinachobaki ndiyo namba yako, ikibaki sifuri ni 60.

Tufanye mfano wa kutunga. Binti kazaliwa 14 Juni 1994. Mpaka 1 Januari 2000 ni siku 2,027. Gawa kwa 60 inabaki 47. Toa kwenye 55, anapata 8. Kijana kazaliwa 19 Agosti 1988, siku 4,152, inabaki 12, toa kwenye 55 anapata 43.

Hiyo namba inakupa herufi mbili. Ya juu, inayoitwa shina, ni tarakimu ya mwisho (yang ni upande wa kiume wa elementi, yin ni upande wa kike): 1 jia, Mti yang, 2 yi, Mti yin, 3 bing, Moto yang, 4 ding, Moto yin, 5 wu, Udongo yang, 6 ji, Udongo yin, 7 geng, Chuma yang, 8 xin, Chuma yin, 9 ren, Maji yang, 0 gui, Maji yin. Ya chini, inayoitwa tawi, ni mnyama: gawa namba kwa 12, ikibaki 1 ni Panya, 2 Ng'ombe, unaendelea hivyo hivyo mpaka 11 Mbwa, na 0 ni Nguruwe.

Binti wetu namba 8: shina xin, Chuma yin, wanachokifananisha na dhahabu ya mapambo. Tawi, la nane, Mbuzi. Kijana namba 43: shina bing, Moto yang, jua. Tawi, 43 ukigawa kwa 12 inabaki 7, Farasi.

Shina la siku ndiye wewe mwenyewe. Tawi la siku, yaani yule mnyama aliyekaa chini yako, ndiyo nyumba ya mwenzi, Wachina wanaiita kasri ya mume na mke. Hii sehemu ndogo ndiyo wataalamu wanaitolea macho wakiulizwa habari ya ndoa.

Hatua ya nne: soma nyumba ya mwenzi

Kwanza peke yake, kabla hujaweka ya mwenzako pembeni. Kuna makundi matatu.

Ukiwa na Panya, Farasi, Sungura au Jogoo kwenye nyumba ya mwenzi, wanasema utapata mwenzi mwenye mvuto, anayeonekana, elementi yake imenyooka haina mchanganyiko mwingi, anachotaka unakijua. Hao wanne ndio wanaitwa maua ya pichi, nyota ya mapenzi. Shida yake nayo ipo wazi, mtu wa kutazamwa anatazamwa na wengi.

Ukiwa na Taiga, Nyani, Nyoka au Nguruwe, mwenzi wa mbio mbio. Hao wanne ni farasi wa safari, mtu wa kazi nyingi, wa kuhamahama, mara nyingi tunaona tafsiri ya ndoa ya mbali au mwenzi anayetoka mji mwingine. Kama mchumba wako ni dereva wa malori ya transiti au baharia au anasoma nje, na wewe nyumba yako ya mwenzi ni moja ya hizi, mtaalamu atakwambia usipigane nayo, panga maisha ukijua hivyo ndivyo ilivyo.

Ukiwa na Joka, Mbwa, Ng'ombe au Mbuzi, hizo ni ghala, zote za Udongo, na ndani zimefungia vitu. Mwenzi wa ndani, mtulivu, anayeweka pesa na anayeweka maneno pia. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu watu wa ghala wanalalamika sana "mwenzangu hasemi", na bazi inalichukulia hilo kama tabia ya nyumba yenyewe, ghala halifunguki kwa kelele. Wataalamu wanasema ghala hufunguliwa na mgongano, kwa hiyo mwaka wa mnyama anayegongana nalo mambo yaliyofichwa yanatoka, mazuri na mabaya. Mtu mwenye Mbuzi kwenye nyumba ya mwenzi aangalie mwaka wa Ng'ombe, mwenye Joka aangalie mwaka wa Mbwa.

Hatua ya tano: nyota ya mwenzi

Nyumba ni mahali, nyota ni mtu mwenyewe. Kanuni ya kushindana elementi ni hii: Mti unashinda Udongo, Udongo unashinda Maji, Maji yanashinda Moto, Moto unashinda Chuma, Chuma kinashinda Mti. Kwa mwanamume, nyota ya mke ni elementi anayoishinda yeye. Kwa mwanamke, nyota ya mume ni elementi inayomshinda. Najua hapo wadada mnakunja uso, na mna haki, huu mfumo umetoka kwenye jamii iliyoamini mume ni mtawala na mke ni mali, na nyota yenyewe ya mke inaitwa nyota ya utajiri. Wataalamu wengi wa sasa wanaisoma kama nani anabeba wajibu na nani anabeba riziki, na mimi nashauri uisome hivyo.

Binti wetu ni Chuma, mume wake ni Moto. Kijana ni Moto, mke wake ni Chuma. Tafuta hiyo elementi ipo wapi kwenye herufi zako. Ikiwa kwenye mwezi ina nguvu, ikiwa kwenye mwaka huwa wanasema mapenzi yanakuja mapema au kupitia ukoo, ikiwa kwenye saa yanachelewa. Ikiwa haipo kabisa usilie. Kutokuwepo kwa nyota hakumaanishi hutaolewa, inamaanisha inangojewa kwenye miaka, kila mwaka na kila kipindi cha miaka 10 huleta elementi yake. Na ikiwa nyingi sana, hasa kwa mwanamke yang na yin zimechanganyika, wanasema wachumba wengi na uamuzi mgumu.

Mwezi unaupata kwa tarehe, si kwa mwezi mwandamo. Taiga anaanza karibu na 4 Februari, Sungura 6 Machi, Joka 5 Aprili, Nyoka 5 Mei, Farasi 6 Juni, Mbuzi 7 Julai, Nyani 7 Agosti, Jogoo 8 Septemba, Mbwa 8 Oktoba, Nguruwe 7 Novemba, Panya 7 Desemba, Ng'ombe 6 Januari, inaweza kuteleza siku moja. Taiga na Sungura ni Mti, Nyoka na Farasi ni Moto, Nyani na Jogoo ni Chuma, Nguruwe na Panya ni Maji, wanne waliobaki Udongo.

Binti wa 14 Juni yupo mwezi wa Farasi, Moto mtupu, nyota ya mume imekaa mahali pa nguvu kabisa. Kijana wa 19 Agosti yupo mwezi wa Nyani, Chuma, nyota ya mke nayo imekaa pa nguvu.

Saa je? Ukiijua ongeza. Na sisi hapa tunapata urahisi kwa sababu siku yao ya masaa ni vipande 12 vya saa mbili mbili na inalingana vizuri na saa zetu: Panya ni saa 5 mpaka saa 7 usiku, Ng'ombe saa 7 mpaka 9 usiku, Taiga saa 9 mpaka 11 alfajiri, Sungura saa 11 mpaka saa 1 asubuhi, Joka 1 mpaka 3, Nyoka 3 mpaka 5, Farasi saa 5 mpaka 7 mchana, Mbuzi 7 mpaka 9, Nyani 9 mpaka 11 jioni, Jogoo saa 11 mpaka saa 1 jioni, Mbwa saa 1 mpaka 3 usiku, Nguruwe 3 mpaka 5 usiku. Muulize mama vizuri kama "saa mbili" aliyosema ni ya Kiswahili au ya kwenye saa ya ukutani, maana hapo kuna tofauti ya masaa sita. Na kama umezaliwa karibu na mpaka wa kipande, kumbuka bazi inafuata jua. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari ulioko mashariki yetu, kwa hiyo jua la Dar liko nyuma kama dakika 23, Nairobi kama dakika 33, Kigoma karibu saa nzima. Aliyezaliwa Kigoma saa 7:30 mchana kwa saa ya Afrika Mashariki, kwa jua ni kama saa 6 na nusu, yupo kwenye Farasi bado na si Mbuzi. Vikokotoo vingi havifanyi hayo marekebisho usipoviambia.

Usipoijua saa usijali, herufi sita zinatosha kwa habari ya ndoa, saa inahusika zaidi na watoto na uzeeni.

Hatua ya sita: waweke wawili pamoja

Hapa ndipo utamu. Rudi kwa wale wawili. Kwa mwaka, binti ni Mbwa wa 1994, kijana ni Joka wa 1988, miaka 6, mgongano wa wazi. Kwa chati ya mtandaoni hawa wameshaachana. Kwa siku sasa: matawi ni Mbuzi na Farasi, jozi ya kuungana. Mashina ni xin na bing, na mashina nayo yana jozi zake tano za kuungana, jia na ji, yi na geng, bing na xin, ding na ren, wu na gui. Kwa hiyo juu wameungana na chini wameungana, Wachina wanaita muungano wa mbingu na ardhi, ni kati ya milingano inayotafutwa sana. Na zaidi ya hapo, bing kwa xin ndiyo nyota halisi ya mume, yang kwa yin, na xin kwa bing ndiyo nyota halisi ya mke. Yaani watu wawili ambao chati imewakataza kuoana ni watu ambao bazi ingewapigia vigelegele.

Mgongano wa mwaka haufutiki lakini. Unasomwa mahali pake: nguzo ya mwaka, yaani zile herufi zake mbili, ni ukoo na mababu, mwezi ni wazazi na kazi, siku ni wewe na mwenzako, saa ni watoto. Joka na Mbwa kugongana kwenye mwaka inamaanisha koo mbili zenye mila tofauti, mambo ya wakwe. Hilo hawa wawili wanaweza kulikalia mapema: mahari inasemwa na nani, harusi inafungwa kwa akina nani, mama mkwe atakaa wapi akizeeka. Jibu la mgongano wa mwaka ni mazungumzo ya namna hiyo.

Halafu angalia uwiano wa elementi kwenye herufi sita za kila mmoja (shina la mwezi utalipata kwenye kikokotoo cha bazi, kwa hawa wote wawili ni geng, Chuma). Binti: Mti mmoja, Udongo mbili, Chuma mbili, Moto mmoja, Maji hakuna. Kijana: Udongo mbili, Chuma mbili, Moto mbili, Maji juu hayaonekani. Moto ni mwingi, dhahabu ndogo kwenye joto la kiangazi cha Kichina, mtaalamu atasema binti anaweza kuchoka na kasi ya mume wake, atahisi anasukumwa. Lakini ndani ya Joka na ndani ya Nyani wa huyo kijana kuna Maji yaliyofichwa, na hayo ndiyo anayohitaji binti. Kwa hiyo tafsiri inakuwa kijana ana uwezo wa kumtuliza, ila hauonekani kwa nje, binti itabidi akae naye ndipo aujue. Mnyama wa mwaka hawezi kukupa usomaji kama huo.

Ikiwa nyumba zenu za mwenzi ndizo zinazogongana, mfano mmoja ana Panya na mwingine Farasi, hapo wanasema kuna cheche, kuvutana na kugombana kwa pamoja, na ushauri wao wa zamani ni nafasi: kazi tofauti, safari za mara kwa mara, kuoa au kuolewa ukiwa mtu mzima zaidi badala ya mapema. Kwenye hili mimi nakubaliana nao kabisa, wapo wanandoa wengi tu ambao ukiwapa biashara moja ya kusimamia wote wanauana, ukimpa kila mtu yake wanapendana.

Hatua ya saba: miaka na tarehe ya harusi

Kwa kuangalia mwaka unaokuja, linganisha mnyama wa mwaka na tawi lako la siku. Akiungana nalo au akiwa wa kundi lake, ni mwaka wa kusogea: uchumba, posa, harusi, au kurudiana. Akigongana nalo ni mwaka wa mabadiliko kwenye uhusiano, na mabadiliko hayo kwa mseja yanaweza kuwa kuolewa. Mwaka wa Farasi wa Moto, kwa sikukuu, unaanzia 17 Februari 2026 mpaka 5 Februari 2027. Wenye Mbuzi, Taiga au Mbwa kwenye nyumba ya mwenzi wanasomewa vizuri, wenye Panya wanaambiwa wasifanye maamuzi kwa hasira.

Kuhusu Farasi wa Moto, naomba mnisikilize. Kule Japani waliamini mwanamke aliyezaliwa mwaka huo anamwua mume. Farasi wa Moto wa 1966, watoto waliozaliwa walipungua kwa karibu robo, kutoka kama milioni 1.82 mwaka 1965 hadi kama milioni 1.36. Uchina nako wanasema wanawake wa mwaka wa Mbuzi hawana bahati ya ndoa, kuna msemo kabisa kwamba kati ya Mbuzi kumi tisa hawakamiliki. Bazi haina kanuni yoyote ya namna hiyo, mwaka ni herufi mbili tu kati ya nane. Binti asikataliwe na mtu yeyote kwa mwaka aliozaliwa, awe Mbuzi wa 1991 au 2003, na mzazi anayezuia posa kwa hilo anamdhulumu mtoto wa watu.

Kwa tarehe, Wachina wanafungua tongshu, kalenda inayosema kila siku inafaa nini na haifai nini, na wanatafuta siku iliyoandikwa inafaa kuoa, kisha wanahakikisha mnyama wa siku hiyo hagongani na bwana wala bibi harusi. Kwa hesabu ya hatua ya tatu unaweza kuitafuta mwenyewe. Wengi wanakwepa mwezi wa 7 wa mwandamo kwa sababu ni mwezi wa mizimu. Kuna na mwaka wa mwandamo usio na lichun ndani yake, unaitwa mwaka wa mjane, wa 2024 ulikuwa hivyo, na unaoanza 6 Februari 2027 nao. Ndoa zilizosajiliwa Uchina 2024 zilikuwa milioni 6.1 kutoka milioni 7.7 za 2023, na wengi walilitaja hilo, ingawa upungufu wa vijana na gharama za maisha vina uzito mkubwa zaidi. Wa 2025 ulikuwa na lichun mbili, wanaupenda sana kwa harusi. Wewe ukumbi ukipatikana 2027 chukua tu, kwa sababu tarehe ya harusi inaangaliwa kwa siku na kwa herufi zenu, na siku nzuri zipo kila mwaka.

Hatua ya nane: ukitaka mtaalamu

Mpe tarehe zenu wote wawili, saa, na mji wa kuzaliwa. Asipouliza mji, hana habari ya jua. Kama mmoja wenu kazaliwa kati ya saa 5 na saa 6 usiku, muulize anabadilisha siku saa 5 au saa 6, kuna shule mbili na jibu linabadilisha nyumba yote ya mwenzi, kwa hiyo mwambie asome zote mbili uone ipi inakuelezea. Muulize nyumba ya mwenzi, nyota ya mwenzi, na elementi gani kila mmoja anaihitaji na kama mwenzake anayo. Akianza na mnyama wa mwaka na kumalizia hapo hapo, au akikutajia bei ya hirizi au dawa ya kuondoa mgongano, shika pesa yako. Hiyo hela ipelekeni hospitali mkapime selimundu na magonjwa mengine pamoja, majibu yakitoka rudini kwenye karatasi yenu ya herufi nane muanze na lile suala la wakwe.